Kuufuata Msimbazi kwa miguu, kutoka Pugu hadi Salender

Buti zimeshakauka na majibu ya mwisho ya maabara yamefika, kwa hiyo naandika kwa kupanga upya daftari langu na picha za simu. Tulitaka kuufuata Mto Msimbazi kutoka vilima vya Pugu hadi unapoingia baharini kwenye Daraja la Salender, na kuandika kila mfereji, bomba na mkondo unaomwagia kitu humo. Mto wenyewe ni mfupi, haufiki kilometa 40. Wengi wetu Dar es Salaam tunaufahamu pale tu unapofunga barabara ya Jangwani wakati wa masika, au upepo unapotuletea harufu yake tukiwa kwenye foleni ya Salender. Mimi nafanya kazi ya maabara ya maji, na kwa miaka mingi nimepokea chupa zilizoandikwa "Msimbazi" bila kujua zimechotwa saa ngapi na mbele au nyuma ya mfereji gani. Namba ya namna hiyo inakwambia mto umechafuka, jambo ambalo hata mtoto wa mtaa wa Kigogo analijua. Haikwambii uanzie wapi kuusafisha.

Tulikuwa watatu: mimi, dada mmoja anayemalizia masomo ya Chuo cha Maji, na kijana wa Kigogo aliyezaliwa bondeni anayejua vichochoro vyote. Tuliondoka katikati ya Agosti kwa makusudi. Wakati huo mvua hakuna, kwa hiyo kinachopita mtoni ni maji ya chemchemi pamoja na yale ambayo jiji limeyamwaga.

Jumatano: Pugu

Daladala hadi Gongo la Mboto, nyingine ya kuelekea Kisarawe, tukashuka Pugu. Kila kipande kilikuwa kati ya shilingi 600 na 1,000. Bodaboda wa kutufikisha ukingoni mwa msitu alitaka 3,000 kwa sababu ya mzigo wa masanduku ya barafu, tukakubaliana 2,000 kila mmoja. Msitu wa Pugu Kazimzumbwi ni hifadhi, na kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Wanaokuja nyuma yetu wajisajili mapema, maana mtandao wa simu pale juu unakuja na kupotea. Sisi tulisubiri karibu saa nzima malipo yasome.

Mzee mmoja aliyekuwa akikata majani ya mbuzi aliacha kazi yake akatupeleka kwenye kijito. Tulimwamkia, akatuitikia marahaba, akauliza tunatafuta nini. Nilipomweleza akacheka kidogo: "Wote mnaanzia huko chini kunakonuka. Hamjui kwamba mto una mwanzo?" Alitembea mbele yetu bila kudai chochote, na pesa ya soda tuliyompa mwishoni aliikataa mara mbili kabla ya kuipokea.

Maji ya kijito kile ni baridi, yanapita chini ya kivuli, na kingo zina udongo mweupe mweupe. Pugu inajulikana kwa kaolini yake, yaani udongo huo mweupe. Hapa tulichukua kipimo cha kwanza na nawasihi wote wanaofanya kazi hii wasiruke hatua hii. Bila kujua maji yakoje kabla ya kukutana na jiji, huwezi kusema jiji limeyafanya nini. Kuna udongo unaotoa chumvi kwa asili yake, na kuna vijito vyenye rangi ya chai kwa sababu ya majani tu.

Kifaa chetu cha mkononi kinapima joto, pH (yaani ukali wa asidi au alkali), upitishaji wa umeme na oksijeni iliyoyeyuka. Upitishaji wa umeme ndio ninaoupenda kuliko vyote kwa kazi ya kutembea, kwa sababu majitaka huwa na chumvi nyingi na kipimo kinaruka papo hapo unapovuka mdomo wa mfereji. Oksijeni nayo inaeleza uhai. Maji yenye nyuzi 28 hayawezi kubeba zaidi ya takriban miligramu 8 kwa lita, na samaki wengi huanza kutaabika zikishuka chini ya 5 au 4. Pale Pugu kipimo kilikaa karibu na kikomo cha juu, na vijisamaki tuliviona kwa macho.

Namna ya kuchota: simama ukitazama unakotoka mto, chupa iwe mbele yako ili matope unayoyatibua kwa miguu yasiingie, suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale, kisha ijaze kutoka katikati ya mkondo badala ya ukingoni. Chupa ya bakteria usiisuuze, imeshatakaswa. Hiyo iingie kwenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 6. Kwa sababu hiyo tulimlipa bodaboda mmoja wa kuaminika awe anakuja kuchukua chupa kila adhuhuri. Ukiacha vipimo vya maabara vyenyewe, hiyo ndiyo gharama iliyotutafuna zaidi.

Chakula cha mchana kilikuwa mihogo ya kukaanga na kachumbari kando ya barabara, shilingi 1,000 sahani, na madafu.

Alhamisi: kuelekea Kinyerezi

Asubuhi iliishia kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Mtendaji alikuwa kikaoni, na bila barua yenye muhuri wake hatukutaka kushuka bondeni na chupa na kamera. Watu wa mabondeni wameona wapimaji wengi waliofuatwa na rangi nyekundu ya X ukutani, alama ya nyumba ya kubomolewa. Alipotoka kikaoni alisoma barua yetu, akauliza maswali ya maana, akatupa kijana wa kututambulisha. Ukienda, anza na ofisi hii kabla ya saa 3 asubuhi na nakala za barua ziwe nyingi. Kila mtaa utataka yake.

Kutoka hapo hadi Kinyerezi habari kubwa ni mchanga. Vijana wanachota kitandani mwa mto kwa makoleo, malori yanasubiri juu. Ukingo unabaki ukining'inia, na masika unaanguka na ua wa mtu, wakati mwingine na chumba. Kwa upande wa maji, mchanga ukiondoka mto unachimba chini, tope linapanda, na tope hilo ndilo usafiri wa fosforasi na metali nzito, maana hivyo hujishikiza kwenye chembe laini za udongo. Mpimaji anayeangalia maji peke yake bila kuchukua tope la chini anaona nusu ya mambo.

Wale vijana walitupokea vizuri kuliko tulivyotarajia. Mmoja alimshika mkono mwenzetu: "Dada, usipite hapo, pameliwa kwa chini. Pita huku kwenye mawe." Baadaye alituwekea ubao tuvuke. Hatukumhukumu, kazi ya koleo analipwa kwa safari ya lori, na mwenye lori haonekani bondeni.

Mitambo ya umeme wa gesi ya Kinyerezi tuliiona kwa mbali jua likizama. Tulirudi nyumbani kulala. Faida ya mto wa mjini ni kwamba kila jioni daladala haiko mbali.

Ijumaa: Vingunguti na Tabata

Segerea tuliipita haraka, nyumba zimefika ukingoni na taka za plastiki zimeanza kuwa nyingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za binadamu za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Tulipima kwa utepe pale tulipoweza, na sehemu nyingi utepe uliishia kwenye ukuta wa mtu kabla ya meta 10.

Kuanzia Vingunguti mto unabadilika kabisa. Hapa kuna mabwawa ya kutibu majitaka, ambako magari ya kunyonya vyoo hushusha mzigo. Ufundi wake ni wa jua na muda: bwawa la kwanza ni la kina kirefu, lisilo na hewa, tope linatua na kuoza, linalofuata lina mwani juu unaotoa oksijeni, la mwisho ni la kina kifupi ili jua liue vimelea. Mfumo kama huu ni wa bei nafuu na unafaa sana nchi ya joto, lakini unadai jambo moja bila huruma, kwamba tope litolewe kwa wakati. Bwawa likijaa tope, maji yanapita juu juu kwa saa badala ya siku, na muda ndio uliokuwa dawa.

Tulihesabu midomo ya mifereji pande zote mbili, mwenzetu akiipa kila mmoja namba kwenye simu pamoja na picha. Kipimo cha umeme kilikuwa kikipanda kila baada ya hatua chache, oksijeni ikishuka, hadi ikafika mahali ambapo kifaa kilikaa karibu na sifuri na hakikuinuka tena kwa mwendo mrefu.

Upande wa Tabata tulikutana na mama mmoja akimwagilia mchicha kwa keni mbili. Shikamoo mama, marahaba wanangu, akatukaribisha chini ya mwembe na kututolea chai ya rangi na kiporo cha maandazi. Nilimwuliza maji ya mto huwa hivi siku zote. Akaweka kikombe chini. "Mwanangu, nyie wapimaji mnakuja saa 4 asubuhi na mnaondoka saa 9. Maji yenyewe yanapita saa 10 usiku. Siku nyingine mekundu, siku nyingine ya bluu. Mimi nikiyaona hivyo simwagilii mpaka yapite."

Maneno hayo yalibadilisha ratiba yetu yote. Mwanawe alijitolea kukaa nasi, na usiku huohuo tulirudi, tukachota kila saa kuanzia saa 8 usiku hadi saa 1 asubuhi, ujazo sawa kila mara. Alikuwa amesema kweli. Muda mfupi baada ya saa 10 maji yalibadilika rangi chini ya tochi, yakapanda joto, pH ikapanda, na baada ya chini ya saa mbili kila kitu kilirudi kama tulivyokikuta mchana. Mdomo uliotoa tuliupata, ni bomba linalotokea upande wa viwanda. Siandiki jina hapa. Picha, saa na chupa zimekwenda kunakohusika, kwa wenye mamlaka ya kukagua na kwa bodi ya maji ya bonde la Wami/Ruvu ambayo ndiyo hutoa vibali vya kutiririsha majitaka.

Kuhusu mchicha. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima mboga za kando ya Msimbazi na Mto Sinza na kukuta metali nzito ndani yake, kwa hiyo wasiwasi huu si mpya. Mama yule humwagilia kutoka kisima kifupi alichochimba hatua chache kutoka mtoni, akiamini mchanga umeshachuja. Mchanga hupunguza bakteria kweli. Metali na chumvi zilizoyeyuka hauzizuii. Sikuwa na uso wa kumwambia aache shamba lililosomesha watoto wanne. Nilichomweleza ni kumwagilia shinani badala ya juu ya majani, na kusitisha maji ya kisima siku chache kabla ya kuvuna ili jua liue vimelea. Kuhusu metali nilimwambia wazi kwamba hilo haliko mikononi mwake, liko kwa mwenye bomba.

Wasomaji wachanga labda hawajui kwamba bonde hili lina historia ya wananchi kusimama. Tabata ilikuwa dampo la jiji. Joseph Kessy na wenzake wakaishtaki Halmashauri ya Jiji, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikaamuru utupaji ule ukome. Jaji Lugakingira alipoombwa muda zaidi na Jiji alikataa, akitegemea haki ya kuishi iliyo katika Katiba. Mzee mmoja wa kahawa pale kituoni alituonyesha kwa fimbo malori yalikokuwa yakimwaga.

Jumamosi: Kigogo

Tulilala saa chache, tukaanza saa 4. Kijana wetu alikuwa nyumbani sasa, kila dirisha likimwita.

Hapa ndipo nilipofanya kazi ambayo naona ndiyo kiini cha safari. Tulikuwa na midomo miwili inayotazamana. Mmoja ni mfereji mwembamba, maji meusi kama oili chafu, harufu inakata pumzi. Mwingine ni mpana, maji ya kijivu, watoto wanaruka juu yake. Ukimwuliza yeyote aufunge upi kwanza, atakuonyesha mweusi. Tukapima mkondo. Njia ni rahisi: pima meta 10 kando ya mfereji, tupa chungwa, hesabu sekunde, rudia mara kadhaa. Zidisha mwendo huo kwa upana na kina cha wastani, kisha kwa 0.85 kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Chungwa linafaa kwa sababu huelea likiwa limezama karibu lote na upepo haulisukumi.

Mfereji wa kijivu ulibeba maji mengi mno kiasi kwamba, majibu ya maabara yalipokuja, uchafu wake wa siku nzima uliuzidi ule mweusi mara nyingi. Tufanye hesabu ya mfano. BOD ni kipimo cha oksijeni ambayo uchafu utaila majini ukioza. Mfereji wa lita 100 kwa sekunde wenye BOD ya miligramu 30 kwa lita, yaani uliotimiza kiwango cha Tanzania cha majitaka kiitwacho TZS 860, unaingiza mtoni takriban kilo 259 za BOD kila siku. Kiwango umetimiza, na mto bado umekosa hewa, hasa kiangazi ambapo hakuna maji ya kuupunguza. Kuna pia anayechanganya majitaka na maji safi ili apite kipimo. Kwa hiyo usiulize tu maji ni machafu kiasi gani. Uliza ni kilo ngapi kwa siku, kutoka mdomo upi.

Na ule wa kijivu unatoka wapi? Tuliufuata juu vichochoroni. Si kiwanda. Ni bafu, jiko na vyoo vya nyumba moja baada ya nyingine. Sehemu kubwa ya jiji hili haijafikiwa na mtandao wa majitaka, watu wanatumia vyoo vya shimo na makaro, na gari la kunyonya haliwezi kupita uchochoro wa meta moja na nusu. Choo kinapojaa, wengine husubiri mvua kubwa na kukitapisha: wanatoboa ukuta wa shimo usiku, mafuriko yanachukua. Mwenyekiti wa mtaa aliongea nasi bila kuficha. "Nimewatoza faini. Lakini niambie, baba wa watoto sita, choo kimefurika mlangoni, gari halifiki, afanye nini?"

Yako majibu yanayofanya kazi: pampu ndogo za kubebeka na guta la kusomba tope hadi mahali gari linapofika, mabomba membamba ya majitaka yanayopita uani kwa pamoja, na mtambo mdogo wa kutibu ndani ya mtaa. Yote ni nafuu kuliko bomba kuu, na yote yanadai mtu wa kuyatunza analipwa kila mwezi. Nimeona mengi yakifa kwa kukosa huyo mtu.

Chakula kilikuwa wali maharage kwa mama ntilie, 2,500 na tembele juu yake. Wanaokuja nyuma yetu nawashauri waje na sabuni na maji ya kunawa yao wenyewe, glavu ndefu, buti za mpira zisizo na tundu, na wawe wamechanja pepopunda. Mwenye kidonda mguuni abaki juu akiandika.

Jumapili: Jangwani hadi Salender

Jangwani hapahitaji maelezo kwa mtu wa Dar. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini na wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa humuhumu bondeni, na imeshafurika mara nyingi tangu huduma ianze mwaka 2016. Sasa upo Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Mto Msimbazi, uliopata mkopo wa dola milioni 200 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2022, unaohusisha daraja la juu zaidi, kupanua njia ya maji na kugeuza eneo la mafuriko kuwa bustani ya jiji. Naufurahia kwa moyo wote. Ila bustani itakayomwagiliwa na mifereji tuliyoihesabu haitakaliwa na mtu. Midomo ile ifanyiwe kazi kabla ya kupanda miti.

Tulitembea hadi Mto Ng'ombe unapoungana nao, sehemu yake imejengwa kwa zege kupitia DMDP, mradi wa kuendeleza miundombinu ya Dar es Salaam. Zege linaokoa nyumba na mafuriko. Maji yanafika chini haraka zaidi pamoja na kilichomo.

Salender mikoko bado imesimama. Tulimkuta mvuvi akirekebisha wavu, akatuambia tusubiri maji yapwe, tukakaa kwake zaidi ya saa mbili tukila korosho zake. Ushauri wake ni wa kitaalamu kabisa: maji yakijaa, bahari inapanda mtoni, na unachopima ni chumvi ya Hindi. Yapwe kabisa ndipo uchote. Kifaa kilithibitisha, namba ya upitishaji wa umeme ikishuka taratibu kadiri bahari ilivyorudi nyuma.

Baada ya safari

BOD hukaa siku 5 kwenye nyuzi 20 kabla ya kusomwa, kwa hiyo majibu yalikuja kwa awamu. Tumekabidhi kwenye kata nne orodha ya midomo, iliyopangwa kwa kilo za uchafu kwa siku, mikubwa juu. Midomo michache ya juu inabeba sehemu kubwa ya mzigo wote, na mingi ya hiyo ni ya makazi. Mwenyekiti wa Kigogo ameitundika orodha ukutani ofisini kwake na ameitisha kikao cha wenye nyumba kuhusu guta la pampu.

Vuli ikianza tutarudi kwenye vituo vilevile, tukilenga mvua ya kwanza kubwa, kwa sababu nusu saa ya mwanzo ndiyo inayofagia barabara na vyoo vyote kwa pamoja. Anayetaka kuja aje na saa inayosoma vizuri gizani, jedwali la kupwa na kujaa, na barua zake za mtaa zikiwa tayari. Mama wa Tabata ameshasema atatupigia maji yakibadilika rangi.